Ubao wa Miezi ya Samaki

Binti mchora mabango ninayemsimulia hapa, watu walimwita Brashi, na tangu utotoni alikuwa hali samaki. Akionja kipande tu, midomo inavimba na macho yanaziba. Hata hivyo, mwenyekiti wa kamati ya wavuvi alipomwita mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, na kumwambia anataka ubao mkubwa wa miezi ya samaki, yeye aliona ni kazi kama kazi nyingine. Alikwisha kuchora meno kwenye ukuta wa daktari, na hajawahi kung'oa jino hata moja. Alikwisha kuchora matairi, mikate na vichwa vya watu walionyolewa vizuri. Samaki wangemshindaje?

"Miraba kumi na miwili," mwenyekiti alisema, huku akipima hewa kwa mikono. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na ukimsikia kabla ya kumwona unatazamia mtu mwingine kabisa. "Kila mwezi na mraba wake. Januari anapatikana samaki gani, Februari samaki gani, hivyo hivyo mpaka Desemba. Na ile miezi ya kupumzisha ziwa, uipake nyekundu. Afisa uvuvi anakuja baada ya siku kumi na mbili. Nataka akute ubao umesimama."

"Na hiyo miezi yenyewe nani ananipa?"

Mwenyekiti alimwangalia kama mtu aliyeulizwa jua linachomozea wapi. "Waulize wavuvi. Nani hapa hajui?"

Ziwa lilikuwa limeanza kuwapa watu mgongo. Kwa miaka minne mfululizo mitumbwi ilikuwa ikirudi na nusu ya kile ilichozoea kurudi nacho. Kamati ilikaa, ikajadili, ikaafikiana kwamba watu wanavua ovyo, wakati wowote, bila mpango, na kwamba dawa yake ni kila mtu kuiona miezi mizuri na miezi mibaya imeandikwa wazi mahali pasipofichika. Ndipo akatafutwa fundi wa kuandika.

Akapewa chumba cha kufikia nyumbani kwa mvuvi mmoja aliyeitwa Nahodha, hatua chache kutoka majini. Nahodha alikuwa na miaka sitini na kitu, mikono kama makasia, na hapakuwa na mtu pale mwaloni aliyethubutu kubishana naye kuhusu samaki. Mkewe alikuwa fundi wa kushona nyavu. Jina lake la utani lilikuwa Mama Kesho, kwa sababu kila aliyekuja kuulizia wavu wake aliambiwa neno hilo hilo. Ukumbini mwake nyavu zilining'inia kutoka darini hadi sakafuni, na ili kufika kwenye kiti ilibidi uzipenye kama mtu anayepita shambani. Yeye mwenyewe alikaa katikati yake kwenye kigoda, sindano ya mti mkononi, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

"Karibu, mwanangu," alimwambia Brashi siku ile ya kwanza. "Pita taratibu, usije ukanaswa nikakuweka mezani."

Asubuhi iliyofuata Brashi alichukua daftari lake akaenda kuuliza. Alianza na mwenye boti la bluu, kijana wa miaka thelathini hivi, mwepesi wa kusema.

"Perege? Mwezi wa sita. Hilo halina mjadala. Mwezi wa sita unatupa wavu huku umefumba macho."

Brashi akaandika. Akasogea hatua kumi, akamkuta mtu anayeziba mtumbwi wake kwa lami.

"Nani kakwambia mwezi wa sita? Mwezi wa sita hupati hata wa kumlisha paka. Perege ni mwezi wa nane."

Akafuta, akaandika tena. Watu wawili waliokuwa wakikunja kamba wakamwambia kwa pamoja kwamba ni mwezi wa tano, kisha wakageukiana wakaanza kubishana kama ni mwanzoni mwa mwezi wa tano au mwishoni. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akamwambia mwezi wa tatu.

"Yaani Machi," Brashi alisema, akishukuru kupata mtu mwenye uhakika.

"Machi ya nini? Mwezi wa tatu tangu mvua ianze."

"Na mvua inaanza lini, baba?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea itaanza lini," mzee alisema kwa upole, kana kwamba anamwonea huruma.

Kwa kambare mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wengine walimtaja kwa miezi, wengine kwa mvua, wengine kwa mwezi wa angani, ukiwa mchanga au ukiwa umejaa. Brashi akajikuta anaandika "mwezi mwezi wa tisa" asijue mwenyewe alimaanisha nini. Hadi siku ya nne daftari lilikuwa limejaa mistari ya kufuta, na miezi yote kumi na miwili ilikuwa imeshatajwa na mtu fulani kuwa ndiyo mizuri kupita yote. Na yote kumi na miwili ilikuwa imeshatajwa na mtu mwingine kuwa ndiyo mibaya.

Alimgeukia mwenyeji wake. Nahodha alikuwa mlangoni anakunywa chai.

"Mwezi wa saba," Nahodha alisema. "Wape wengine nafasi ya kusema, lakini wewe andika mwezi wa saba. Mimi ziwa hili nalijua kama kiganja changu."

Nyuma ya nyavu, sindano ya Mama Kesho ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Na wewe mama, unasemaje?" Brashi aliuliza.

"Mimi? Mimi fundi wa nyavu tu. Mambo ya majini waulize wenye mitumbwi."

Alhamisi Brashi akapiga rangi ya kwanza kwenye ubao, nyeupe, akausimamisha ukutani mwa ghala la kamati ukauke. Ijumaa akavuta mistari kwa rula na penseli, akaandika majina ya miezi kwa herufi nzuri za bluu. Miraba ikawa mizuri, imenyooka, na haina kitu ndani. Watu walipita, wakasimama, wakausifu mwandiko. Kisha kila mmoja akamwelekeza kwa kidole mraba wake: "Perege muweke hapo." Vidole havikuelekea pamoja hata mara moja. Brashi aliketi juu ya kopo la rangi akaona kichwa kinamzunguka. Alijaribu kufikiri kwamba watu wanamtania. Alijaribu kufikiri kwamba kuna maziwa mawili. Akajaribu kufikiri kwamba labda yeye, kwa kuwa hali samaki, hana akili ya samaki.

Mchana ule akabadilisha swali. Alichoka kuuliza ni mwezi gani. Akamrudia mwenye boti la bluu akamwambia, "Hebu nisimulie siku uliyopata samaki wengi kuliko siku zote. Ilikuwaje? Ulianza wapi?"

Kijana uso ukamwangaza. "Eh, ile siku. Nilikuwa nimekaa wiki nyingi bila wavu. Wavu wangu ulichanika kule kwenye matete, nikampelekea Mama Kesho, na unamjua mwenyewe, kesho, kesho, mpaka nikataka kulia. Siku aliyonipa, nikaingia nao ziwani jioni ile ile. Boti lilikuwa linataka kuzama."

"Na huo ulikuwa mwezi wa sita."

"Ndiyo. Na mwaka uliofuata vile vile, mwezi wa sita."

Akaenda kwa mwenye mtumbwi wa lami. Yeye naye alisimulia kwa madaha, akatia chumvi hapa na pale, lakini ndani ya hadithi yake mlikuwa na kitu kile kile: alikuwa ametoka kuchukua wavu kwa Mama Kesho, na ulikuwa mwezi wa nane. Wale wawili wa kamba walichukua nyavu zao mwezi wa tano, mmoja mwanzoni, mmoja mwishoni. Mzee wa kofia ya sufu hakumbuki mwezi, ila anakumbuka kwamba Mama Kesho alimwita kwa mkono kutoka dirishani, akamwambia wavu tayari.

Brashi alirudi nyumbani pole pole. Badala ya kupata jibu sasa alikuwa na swali jingine, na hili lilimtia woga kidogo. Alimkuta Mama Kesho peke yake, akapenya kwenye nyavu, akakaa sakafuni karibu naye.

"Mama, nikuulize kitu, usikasirike. Nyavu zako unazitia dawa?"

Mama Kesho alimtazama juu ya miwani. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Brashi akadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaweka sindano chini.

"Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Lakini kila mtu mwezi wake mzuri ni ule ambao wewe ulimpa wavu."

Kicheko kikakatika. Mama Kesho akavuta uzi uliokuwa umeshanyooka.

"Kesho asubuhi Nahodha akitoka," alisema hatimaye, "njoo nyuma ya nyumba. Funika pua kama harufu inakudhuru."

Nyuma ya nyumba palikuwa na kibao cha saruji, ndoo mbili za maji na kisu kilichonolewa hadi kikawa chembamba kama jani. Mama Kesho alichukua perege mmoja kati ya watatu waliobaki kwenye beseni, akampara magamba, akapitisha kisu tumboni. Akayafungua matumbo kwa kidole gumba kama mtu anayefungua bahasha.

"Unaona nini?"

Brashi alikuwa amefunga pua kwa kitambaa. "Matumbo."

"Angalia vizuri. Hapa pembeni."

Palikuwa na vifuko viwili vyembamba, na ndani yake punje ndogo, ndogo mno, kama mchanga.

"Mayai," Mama Kesho alisema. "Machanga bado. Yakifika ukubwa wa punje ya ulezi, anakwenda kwenye matete, anatafuta mahali pa kuyataga. Akishataga anayachukua mdomoni, anakaa nayo humo mpaka yaanguliwe. Hali kitu. Sasa huko kwenye matete ndiko wavuvi wanakomfuata, na huko ndiko nyavu zinakochanika. Zikichanika zinaletwa kwa nani?"

"Kwako."

"Basi."

Brashi aliganda pale na kitambaa chake puani. Aliliona jambo lile linamjia, lakini lilikuwa kubwa na halikupita mlangoni kwa mara moja.

"Mama. Kwa hiyo ukisema kesho…"

"Nakuwa sijaona kwamba samaki wamemaliza." Alisema hivyo bila kutazama, akisuuza kisu. "Wavu wa yule kijana wa boti la bluu ulikuwa unakaa chini ya kitanda changu wiki sita, umekwisha kushonwa. Nikiona matumbo ya samaki ni matupu, nikaona na vitoto vimetoka kwenye matete, naanza kuwaita. Lakini siwaiti wote. Nikiwapa wote siku moja watashtuka. Mmoja leo, mwingine wiki ijayo, mwingine mwezi ujao. Kila mmoja na zamu yake, miaka nenda miaka rudi. Kula hawakukosa, ndoano walikuwa nazo."

"Na baba anajua?"

"Wavu wake nilikuwa nauchelewesha kuliko wa wengi. Ni mvuvi hodari mno."

Alieleza na sababu yake, kwa maneno machache. Alizaliwa upande mwingine wa ziwa hili hili, mahali palipokuwa na mwalo mkubwa kuliko huu. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitatu palibaki nguzo tu. Baba yake alipasua mtumbwi akatengeneza mlango wa banda la mbuzi. Hakuna aliyekosea, alisema; watu walivua tu, kila siku, kama inavyotakiwa.

"Lakini tangu duka lile lianze kuleta nyavu za dukani," aliendelea, "wavu ukichanika wanatupa, wananunua mwingine asubuhi yake. Hawanisubiri. Hizi unazoziona ukumbini ni za wazee watatu na za mume wangu. Mwaka wa nne huu."

Mwaka wa nne. Brashi alihesabu kwa vidole, akapata ile miaka minne ya mitumbwi kurudi nusu.

"Basi niambie miezi," alisema, karibu kwa kuomba. "Nikaiandike. Nitasema nimeiokota mahali. Ni mwezi gani wanaanza, ni mwezi gani wanamaliza?"

"Sijui."

"Hujui vipi, mama?"

"Mwaka juzi walianza mapema, mimi mwenyewe nikashangaa. Mwaka jana maji yalichelewa kupanda, nao wakachelewa. Na kambare ana mambo yake. Sikuwahi kuangalia kalenda, mwanangu, naangalia tumbo." Akamwaga maji ya ndoo. "Na hili lisitoke nje ya uzio huu. Nahodha akilisikia litamuumiza."

Brashi aliahidi, kisha akaenda ghalani kukaa mbele ya ubao wake. Siku nne zilikuwa zimebaki. Hali yake siku zile ilikuwa ya kuhurumiwa. Kabla, hakuwa na cha kuandika kwa sababu hakuna aliyejua. Sasa kuna anayejua, na bado hakuna cha kuandika. Akijaza miraba kwa kubuni, watu watamfuata na kuharibu. Akiiacha mitupu, mwenyekiti atamfukuza. Alisafisha brashi ambazo zilikuwa safi. Alichanganya rangi nyekundu, akaifunika. Siku moja nzima alipaka mstari wa pembeni, akaufuta, akaupaka tena, ili tu mtu akipita amwone yuko kazini.

Asubuhi ya pili yake akachukua brashi pana, akapaka nyeupe juu ya miezi yote kumi na miwili.

Akachora perege mkubwa wa urefu wa mkono, halafu matumbo matatu yaliyofunguliwa, moja baada ya jingine. La kwanza tupu. La pili na mayai kama mchanga. La tatu na mayai kama ulezi. Pembeni akachora kambare, naye na tumbo lake. Chini ya tumbo tupu akaandika: VUA. Chini ya mchanga: JIANDAE. Chini ya ulezi: ACHA, MPAKA UKUTE TUPU TENA NA VITOTO VIMETOKA KWENYE MATETE. Hajawahi kuchora kitu kwa uangalifu kama ule. Mara mbili alikwenda kwenye kibao cha saruji, pua imefungwa, kutazama tena.

Kamati ilikuja kuukagua siku moja kabla ya mgeni, na nyuma yake wakaja karibu watu wote wa mwaloni, maana kila mtu alitaka kuona kama mwezi wake umewekwa panapostahili. Walisimama mbele ya ubao. Kila mmoja akautafuta mwezi wake kwa macho.

"Fundi," mwenyekiti alisema, na sauti yake nyembamba ikawa nyembamba zaidi. "Miezi iko wapi?"

"Nimeitoa."

"Umeitoa umeipeleka wapi? Tuliagiza miezi."

"Ningeandika ipi, mwenyekiti? Chagueni hapa hapa, nami nitaiandika sasa hivi."

"Wa sita," alisema mwenye boti la bluu.

"Wa nane."

"Wa tano, mwanzoni."

Hapo pakawa hapaeleweki. Watu wakabishana kwa kupokezana, halafu kwa pamoja, na mzee wa kofia ya sufu akawa anarudia kwamba itategemea, mpaka jirani yake akamsihi anyamaze. Nahodha aliinua mkono. Kelele zikapungua.

"Acheni miezi kwanza," alisema. "Mimi nataka kujua kitu kimoja. Binti huyu hali samaki, hajui kasia, na wiki mbili zilizopita alikuwa hajui perege ana mapezi mangapi. Haya ya matumbo nani kakufundisha?"

Brashi alitazama viatu vyake vilivyotapakaa rangi. Watu wakasubiri.

"Mimi," ilisema sauti kutoka nyuma.

Mama Kesho alikuwa amekuja na kigoda chake, kwa kuwa magoti yalikuwa yakimsumbua, na alisema akiwa ameketi vile vile. Hakuremba. Alieleza matete, mayai, na kesho zake zote. Alipofika kwenye wavu uliokuwa chini ya kitanda, mwenye boti la bluu alishika kiuno.

"Wiki sita? Mama, mimi wiki zile nilikuwa naota huo wavu."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa nakusikia unavyoniimba njiani. Nisamehe."

Hakuna aliyejua kama acheke au akasirike. Wengine walianza moja wakaishia kwenye lingine. Mzee mmoja alisema ni wizi, mwenzake akamuuliza kilichoibwa ni nini. Brashi hakuwa anawatazama hao. Alikuwa anamtazama Nahodha. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama wa mtu aliyeamka mahali asipopajua na anatafuta mlango. Alivua kofia, akaivaa tena, akatoka katikati ya watu kuelekea kwenye mtumbwi wake.

Afisa uvuvi alikuja siku iliyofuata kama alivyopangiwa. Alitazama ubao, akasoma, akarudi nyuma, akasogea tena. Alisema ni mzuri, ila sheria inataka tarehe. Mwenyekiti akamwambia hata wao wanataka tarehe. Afisa akapiga picha tatu kwa simu, akasema atalipeleka jambo hilo juu, na mpaka jibu lije, ubao ukae hapo ulipo. Akaondoka, na kila mtu akabaki hajui kama ubao umekubaliwa au umekataliwa.

Nyumbani mambo yalikuwa kimya. Nahodha alitoka alfajiri na kurudi mchana, akala, akasema asante, akatoka. Alipita kwenye nyavu za ukumbini bila kuzigusa. Brashi alikwisha kufunga vitu vyake aondoke, lakini aliona aibu kuacha nyumba ikiwa vile, akajipa kazi ya kupaka rangi mlango wa uani ambao haukuwa na shida yoyote.

Alikuwa hapo mlangoni, na brashi mkononi, siku ya tatu, Nahodha alipokuja na perege mmoja kwenye kamba. Akamweka juu ya kibao cha saruji. Mkewe alikuwa anaosha vyombo.

"Nioneshe," Nahodha alisema.

Mama Kesho alifuta mikono kwenye kanga. "Sasa hivi?"

"Miaka thelathini na nane nimekuletea samaki hapa. Nawaweka, nageuka, naondoka. Sijawahi kusimama nikaona wanavyofunguliwa." Alimsogeza perege kidogo juu ya kibao. "Nilikuwa najisifu kwa watu kwamba mwezi wa saba ni wangu. Nimewafundisha vijana. Kumbe ni wewe ulikuwa unaufungua."

"Ungeniachia wavu ukae wiki sita kama ningekuambia?"

Nahodha alifikiri kwa uaminifu. "Nisingekuachia."

"Basi."

"Lakini ungejaribu kuniambia. Mara moja tu, katika miaka thelathini na nane."

Mama Kesho alichukua kisu, akakitazama, akamgeuzia mpini. Nahodha akakishika vibaya, kama mtu anayeshika kalamu kwa mara ya kwanza, mkewe akamwekea mkono juu ya mkono wake, wakapasua. Brashi alirudi kwenye mlango wake akapaka pale alipokwisha kupapaka.

Kuhusu yaliyofuata, mimi nasimulia kama alivyonisimulia Brashi mwenyewe. Jibu la afisa halikuja. Kamati ilikaa mara tatu, na mara ya tatu ikaafikiana kwamba mayai yakifika ulezi nyavu zote zitundikwe, za kushonwa na za dukani. Wengi walitundika. Watu wanne walizunguka nyuma ya rasi wakavua huko, wakajulikana, wakasemwa, wawili wakaacha. Ubishi wa miezi haukwisha, ila ulihamia penye mayai: haya ni mchanga au ni ulezi, na kama ni ulezi, ni ulezi wa shamba gani.

Mwaka na nusu baadaye Brashi aliitwa tena, kwa kuwa jua lilikuwa limekula rangi ya ubao. Aliwauliza watu kama samaki wamerudi. Mwenye boti la bluu alisema wamerudi, tena wengi. Wa lami alisema ni mvua tu zilikuwa nzuri. Mwenyekiti alisema wameongezeka, lakini alikuwa akitazama pembeni. Brashi alitazama mitumbwi ikiingia, akaona mingine imejaa na mingine haina kitu. Yeye hakuwa na namna ya kujua zamani ilikuwaje. Aliwaamini wote, na kichwa kikamzunguka kama zamani.

Alifungua makopo yake mbele ya ubao. Tumbo la tatu lilikuwa limepauka hadi kuwa kijivu, na hakukumbuka mara ya kwanza mayai aliyapaka rangi gani. Nahodha na mkewe walikuwa wamekuja kumsalimia, naye amebeba kigoda cha mkewe.

"Ni ya njano," Mama Kesho alisema.

"Njano wapi," Nahodha alisema. "Ni kama ganda la chungwa. Jana tu tumeyaona."

"Ya jana yalikuwa yamekaa juani."

"Hayakukaa juani, yalikuwa kivulini, mimi ndiye niliyeyaweka."

Brashi alisubiri. Walipoonekana hawana dalili ya kumaliza, alimwaga njano kidogo kwenye kifuniko, akaongeza tone la nyekundu, akakoroga kwa kijiti, akaanza kupaka punje moja moja.